Wakfu wa Mzee Olin

Utajiri wa John M. Olin ulianzia kwenye baruti. Baba yake alikuwa na kiwanda cha risasi huko East Alton, jimbo la Illinois. Kijana akasomea kemia Chuo Kikuu cha Cornell, akahitimu mwaka 1913, kisha akarudi kufanya kazi kwa baba. Mwaka 1931 familia iliinunua kampuni ya bunduki ya Winchester, iliyokuwa imefilisika. Ilipokwisha Vita Kuu ya Pili, akina Olin walikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Marekani, na baada ya risasi wakajitanua kwenye kemikali. Mwaka 1953 John akaanzisha wakfu kwa jina lake.

Miaka ya mwanzo wakfu huo ulikuwa wa kawaida tu, isipokuwa kwa siri moja. Kati ya 1958 na 1966 shirika la ujasusi, CIA, liliutumia kupitisha karibu dola milioni 2 kwa watu ambao halikutaka wajue, au wengine wajue, fedha zinatoka wapi.

Aprili 1969 wanafunzi Weusi wa Cornell waliteka jengo la chuo liitwalo Willard Straight. Muda mfupi kabla ya hapo, msalaba ulikuwa umechomwa moto mbele ya nyumba ya wanafunzi wa kike Weusi. Wanafunzi wa Kizungu walijaribu kuwatoa jengoni kwa nguvu, wakashindwa, na waliokuwa ndani wakaingiziwa silaha. Walipotoka wakiwa na bunduki mabegani, mpigapicha aliwanasa, na picha hiyo ikaenea nchi nzima. Olin alikuwa amewahi kuwa mdhamini wa chuo. Alichokiona ni chuo chake kusalimu amri. Muuza bunduki ametishwa na bunduki; kinaya hicho hakikumzuia kufikia uamuzi. Tangu hapo alitaka fedha zake ziutetee mfumo uliomtajirisha, yaani biashara huria.

Hakuwa peke yake. Agosti 1971 wakili mmoja wa Virginia, Lewis Powell, aliliandikia Shirikisho la Wafanyabiashara la Marekani waraka wa siri. Alisema biashara inashambuliwa vyuoni, magazetini na mahakamani, na wenye mali wamekaa kimya. Ushauri wake ulikuwa wajipange kwa miaka mingi, wagharimie wasomi na waandishi wao wenyewe, na wasizisahau mahakama. Miezi michache baadaye Rais Nixon alimteua Powell kuwa jaji wa Mahakama ya Juu.

Wa kwanza kufungua mkoba walikuwa na haraka. Joseph Coors, mtengeneza bia wa Colorado, alitoa dola 250,000 kuanzisha Heritage Foundation mwaka 1973, na Richard Mellon Scaife, mrithi wa mali za mabenki na mafuta, akamwaga nyingi zaidi. Heritage ilijua wabunge hawana muda wa kusoma vitabu, kwa hiyo iliwaandikia karatasi fupi, zikiwafikia kabla ya kura. Ronald Reagan alipoingia madarakani mwaka 1981 alikuta Heritage imemwandalia mwongozo wa kuendesha serikali, wenye kurasa zaidi ya 1,000, naye akawagawia mawaziri wake.

Olin hakuwa na haraka hiyo. Mwaka 1977 alimkabidhi uongozi wa wakfu William Simon, aliyekuwa Waziri wa Fedha. Simon aliwashangaa wafanyabiashara wanaovifadhili vyuo vinavyowafundisha vijana kuwachukia. Alitaka walelewe wasomi wa upande wa pili. Swali lilikuwa namna ya kuwaingiza chuoni. Mkuu wa kitivo ukimwambia unataka kulipia masomo ya kihafidhina, atakuonyesha mlango.

Jibu lilikuwa somo la sheria na uchumi. Somo hili huzipima sheria kwa gharama na faida. Kanuni ya kulinda mto, kwa mfano, haiulizwi kama ni ya haki, bali kama manufaa yake yanazidi gharama ya kiwanda kuitii. Kwa sura ni hesabu tu, haina chama. James Piereson, aliyeuendesha wakfu kwa miaka 20 ya mwisho, alikiri baadaye kwamba sura hiyo ndiyo iliyowavutia: somo lilionekana halina upande, lakini lilielekea kwenye soko huria na serikali ndogo. Harvard ilipata kituo chake cha Olin mwaka 1985, na vyuo vingine vikubwa vikapata vyao. Fedha hizo pia zilisaidia semina za profesa Henry Manne, ambako mamia ya majaji wa shirikisho walifundishwa uchumi. Mfano wangu wa mto sikuuokota hewani. Kiwanda cha kampuni ya Olin huko Saltville, Virginia, kiliacha zebaki katika mto Holston. Sidai kwamba mzee alianzisha somo ili ajitetee, lakini alijua vizuri kanuni za mazingira humgharimu nani.

Mwaka 1982 wanafunzi wachache wa sheria wa Yale na Chicago waliitisha mkutano wa wanasheria wahafidhina, na hapo ikazaliwa Federalist Society. Olin ilikuwa miongoni mwa wafadhili wa mwanzo na haikuchoka. Mzee mwenyewe alifariki mwaka huohuo.

Aliacha agizo kwamba fedha zitumike zote na wakfu ufungwe wangali hai watu waliomfahamu. Alikuwa amejifunza kutoka kwa wakfu wa Ford Foundation. Mjukuu wa Henry Ford alijiuzulu katika bodi yake mwishoni mwa 1976, akilalamika kwamba wakfu huo umeusahau ubepari ulioutajirisha. Wahafidhina hawakubuni mbinu zao. Ford ilikuwa imeshawapa mawakili wa haki za Wamarekani wenye asili ya Mexico na wa mazingira fedha za kuanzia. Pande zote mbili zilitumia fedha zilizosamehewa kodi, kwa hiyo hata raia asiyezipenda hoja hizo alizichangia.

Wakfu wa Olin ulifungwa mwaka 2005, baada ya kutoa takriban dola milioni 370. Ford hutoa zaidi ya hizo kwa mwaka mmoja. Hata hivyo, majaji watatu walioteuliwa na Donald Trump katika Mahakama ya Juu walipitia mikononi mwa Leonard Leo, kigogo wa Federalist Society, na Juni 2022 watatu hao walikuwa kati ya waliofuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba. Haki hiyo ilikuwa imetambuliwa mwaka 1973 kwa kura saba dhidi ya mbili. Kura moja kati ya hizo saba ilikuwa ya Lewis Powell.

Angalau Olin aliweka jina lake mlangoni. Mwaka 2021 tajiri wa Chicago, Barre Seid, alikipa chombo kinachoongozwa na Leo kampuni nzima, iliyoleta dola bilioni 1.6 ilipouzwa, na umma ulikuja kujua Agosti 2022.