Neolithiki ya Wafugaji: Istilahi, Shanga na Nyanda za Kale

Neolithiki ni istilahi ya akiolojia, yaani taaluma inayochunguza maisha ya watu wa kale kupitia vitu walivyoviacha ardhini, na katika Kiswahili imekuwa ikifasiriwa kwa namna zisizoelewana. Vitabu vya historia, hasa vya Tanzania ambako somo hilo hufundishwa kwa Kiswahili katika shule za msingi, huzigawa Zama za Mawe katika za Mwanzo, za Kati na za Mwisho, na wapo wanaoiita sehemu hiyo ya tatu Zama Mpya za Mawe, kana kwamba mwisho na upya ni kitu kimoja. Mgawanyo wa mwanzo, kati na mwisho ulipendekezwa na wanaakiolojia Goodwin na Van Riet Lowe katika kitabu chao cha mwaka 1929 kuhusu Afrika Kusini, kwa sababu mpangilio wa Ulaya haukuoana na zana za mawe walizokuwa wakizipata huko. Neolithiki, kwa upande wake, ni neno la Ulaya hasa: lilitungwa na Mwingereza John Lubbock mwaka 1865 kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiyunani, moja lenye maana ya “mpya” na la pili “jiwe”, na upya aliokuwa akiuzungumzia ulikuwa ufundi tu, yaani kusugua shoka la jiwe hadi liwe laini badala ya kulichonga kwa kubandua vipande.

Maana hiyo haikudumu. Kufikia mwaka 1936, mwanaakiolojia Gordon Childe alikuwa amekwisha kuihamisha istilahi kutoka kwenye jiwe na kuipeleka shambani, akieleza mapinduzi ambayo kwayo watu waliacha kutegemea uwindaji na matunda ya mwitu, wakalima nafaka, wakafuga na wakajenga vijiji vya kudumu. Ufinyanzi na shoka lililosuguliwa vikawa sehemu ya furushi moja, na kwa muda mrefu wataalamu walitarajia kulikuta furushi hilo zima kila mahali.

Afrika Mashariki ililifungua furushi hilo na kukuta limepungukiwa. Wavuvi wa kando ya Ziwa Turkana na wa pwani za Ziwa Viktoria walifinyanga vyungu maelfu ya miaka kabla ya ng’ombe wa kwanza kuonekana katika maeneo hayo. Kilimo cha nafaka kilichelewa kuliko ufugaji, na zana za mawe za wafugaji wa kwanza ziliendelea kuwa vijembe vidogo vya kubanduliwa, vya ufundi uleule wa Zama za Mawe za Mwisho. Kilichokuwa kipya ni mifugo: ng’ombe, kondoo na mbuzi, waliofika bonde la Turkana yapata miaka 5,000 iliyopita, wakasambaa katika nyanda za juu za Kenya na kufika kaskazini mwa Tanzania, mahali kama Luxmanda, miaka ipatayo 3,000 iliyopita. Mwanaakiolojia Louis Leakey na wenzake walikuwa wamezoea kuzungumzia utamaduni wa mabakuli ya mawe, jina lililotokana na vyombo vilivyokuwa vikipatikana makaburini, lakini katika miaka ya 1970 watafiti kama John Bower, Charles Nelson na Mkenya Simiyu Wandibba, aliyechambua vyungu vya kipindi hicho, waliandika juu ya Neolithiki ya Wafugaji. Sifa hiyo ya pili, “ya Wafugaji”, ndiyo inayobeba maana, na tafsiri yoyote inayoiacha inamwachia msomaji jiwe jipya ambalo hatalikuta.

Mahali panapoonyesha vizuri kwa nini furushi la Childe haliwezi kubebwa hadi huku ni Lothagam Kaskazini, magharibi mwa Ziwa Turkana, ambako kundi la watafiti likiongozwa na Elisabeth Hildebrand lilichapisha matokeo yake mwaka 2018. Kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita, wafugaji walijenga hapo jukwaa la mviringo lenye kipenyo cha mita 30 hivi. Katikati yake waliondoa mchanga wa ufuo wa kale, wakachimba makaburi yaliyosongamana, na vizazi kadhaa baadaye, nafasi ilipokwisha, walilifunika eneo lote kwa mawe na kusimika juu yake nguzo za mawe, nyingine zikiwa zimetolewa umbali wa kilomita nzima. Inakadiriwa kwamba watu wasiopungua 580 walizikwa humo, wanaume kwa wanawake, wachanga kwa wazee. Si mahali pekee pa aina hiyo. Jarigole, upande wa mashariki wa ziwa, na Kalokol, upande wa magharibi, ni miongoni mwa maeneo mengine ya nguzo. Nguzo za Kalokol, ambazo Waturkana huziita Namoratunga, yaani watu waliogeuzwa mawe, zilidaiwa mwaka 1978 kuwa zilipangwa kufuata nyota kwa kalenda ya takriban mwaka 300 kabla ya Kristo, dai lililovutia wengi hadi vipimo vya umri vilipoonyesha kwamba zimetangulia tarehe hiyo kwa zaidi ya milenia mbili.

Mapambo ya Lothagam ndiyo yaliyoleta mjadala mkubwa zaidi. Karibu kila aliyezikwa humo alikuwa na vito vyake: shanga za ganda la yai la mbuni, shanga za mawe ya rangi kama amazoniti ya kijani kibichi kinachokaribia samawati, fluoriti ya waridi na zambarau, na kalsedoni, ambayo ni jiwe gumu linalopitisha mwanga kidogo, pamoja na bangili za meno ya kiboko. Maiti mmoja alikuwa na pambo la kichwani lililotengenezwa kwa meno ya mbele ya panya wadogo wa nyika, meno zaidi ya 400 yaliyotoka kwa wanyama zaidi ya 100, yakiwa yamepangwa moja baada ya jingine kwa subira ambayo ni vigumu kuikadiria. Wataalamu wengi walikuwa wamezoea kuamini kwamba kazi kubwa ya ujenzi huhitaji wakulima wenye akiba ya chakula na mtawala wa kuwaamrisha. Lakini katika kaburi hili la pamoja hakuna kundi dogo lililojilimbikizia vito huku wengine wakilala mikono mitupu. Jukwaa lilijengwa, na ushahidi wa mfalme haupo. Kwa hiyo mapambo, ambayo ripoti nyingi za zamani ziliyaweka katika ukurasa wa mwisho baada ya mawe na mifupa, hapa yanatoa hoja ambayo mawe yenyewe yasingeitoa.

Ushanga wa ganda la yai la mbuni unastahili kutazamwa kwa karibu. Fundi huvunja ganda vipande vidogo, hutoboa tundu katika kila kipande, hugongagonga kingo zake kwa jiwe hadi kikaribie mviringo, kisha hutunga vipande vingi kwenye uzi mmoja mgumu na kuvisugua pamoja katika mfereji wa jiwe hadi vilingane. Ndiyo maana shanga za mkufu mmoja huwa na ukubwa unaokaribiana sana, na ndiyo maana kipimo cha kipenyo chake kinaweza kutumiwa kama alama ya mazoea ya fundi na ya jamii yake. Kusini mwa Afrika, shanga kubwa zilizoongezeka baada ya mifugo kuingia zilichukuliwa kwa miaka mingi kuwa dalili ya wafugaji. Mwaka 2019 Jennifer Miller na Elizabeth Sawchuk walilinganisha shanga zaidi ya 1,200 kutoka maeneo 30 ya kusini na mashariki mwa bara, wakaona kwamba kanuni hiyo haifuatwi Afrika Mashariki, ambako ujio wa mifugo haukuambatana na badiliko kama hilo. Mifugo ilikuja, watu wapya wakaja, na chembechembe za urithi kutoka katika mifupa zinathibitisha kwamba walichanganyika na wawindaji waliowakuta, lakini ushanga ulibaki na vipimo vyake vya zamani. Upya, basi, haukuenea kwa usawa katika maisha yote.

Kusini zaidi katika Bonde la Ufa, desturi za maziko zilikuwa nyingine. Katika Pango la Mto Njoro, ambalo Mary na Louis Leakey walilichimbua mwaka 1938, watu wapatao 80 walichomwa baada ya kufa na kuwekewa bakuli la jiwe, kinu na mchi, pamoja na shanga za mawe ya thamani. Kilimani Hyrax Hill, karibu na Nakuru, maiti hawakuchomwa, na wanawake ndio waliozikwa na mabakuli ya mawe. Tofauti hizi zinaonyesha kwamba Neolithiki ya Wafugaji si jina la kabila moja wala la dini moja.

Istilahi nyingine inayoandamana na hiyo ni mandhari ya kale, yaani sura ya nchi kama ilivyokuwa wakati wa watu wanaochunguzwa. Wajenzi wa Lothagam waliishi wakati ziwa likirudi nyuma kwa kasi, baada ya kipindi kirefu cha mvua nyingi kumalizika, nao ufuo walioufahamu ukawa nchi kavu. Katika Narok, kusini mwa Kenya, mabadiliko yalikwenda kwa namna nyingine, yakitokana na wafugaji wenyewe: utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na Fiona Marshall na wenzake ulionyesha kwamba mazizi yaliyoachwa kati ya miaka 3,700 na 1,550 iliyopita yalijaza udongo naitrojeni, fosforasi na kalsiamu kutoka kwenye samadi, na hadi leo mahali hapo huota majani mazuri yanayowavuta swala na pundamilia. Zizi la kale linaonekana kwa rangi ya nyasi hata pale ambapo halikuacha ukuta wala kigae juu ya ardhi.

Katika mitaa ya Eastlands ya Nairobi, kama Tena, Umoja na Donholm, njia hiyo ya kutafuta makazi ya kale kwa kutazama nyasi haisaidii sana. Mitaa hiyo imesimama ukingoni mwa nyanda za Athi na Kapiti, juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi ambao mafundi huuondoa kabla ya kumwaga zege la msingi wa ghorofa, kwa sababu huvimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Kinachomkera fundi wa nyumba humkera pia mwanaakiolojia: nyufa zinapofunguka, kitu kidogo kama ushanga hutumbukia chini, na udongo unapovimba vilivyokuwa chini husukumwa juu, hata utaratibu wa matabaka, ambao kwa kawaida huweka cha zamani chini ya kipya, ukavurugika. Ushahidi ulio salama zaidi kwa ukanda huu hutafutwa vilimani, na kilima kinachojulikana kuliko vyote ni Lukenya, ng’ambo ya mji wa Athi River, ambako chini ya miamba na kwenye miteremko yamechimbuliwa makazi kadhaa, kila moja likiandikishwa kwa herufi GvJm na nambari yake. Miongoni mwa vitu vilivyopatikana humo ni vipande vya obsidiani, kioo cha asili kinachotokana na lava iliyopoa haraka. Muundo wake wa kikemia umeonyesha kwamba kiasi chake kilitoka bonde la Naivasha, umbali wa karibu kilomita 100, huenda kikipita katika nyanda ambazo leo ni jiji na vitongoji vyake.

Lukenya pia ndiko tafsiri mbaya inakodhihirika haraka. Kilima hicho kina mabaki ya wawindaji wa Zama za Mawe za Mwisho na ya wafugaji waliowafuata, pengine chini ya mwamba uleule, na ripoti inayoeleza hivyo ikifasiriwa kwa kutumia Zama Mpya za Mawe kwa makundi yote mawili, msomaji hatajua ni nani aliyekuwa na ng’ombe. Zama za Mawe za Mwisho inafaa ibaki kwa ufundi wa zana, na Neolithiki ya Wafugaji, ikiandikwa kwa ukamilifu wake walau pale inapotajwa mara ya kwanza, itumike kwa wenye mifugo. Katika kitabu cha watoto, “wafugaji wa Zama za Mawe” inatosha.