Funza wa Daktari Baer

Mwaka jana, nyumbani Picha ya Ndege, tulifungua bendeji ya mama mkubwa mwenye kidonda cha kisukari, tukakuta funza. Nikakimbilia nje. Niliona aibu, kama vile tumemtelekeza.

Baadaye nikakutana na habari za William Baer, daktari wa mifupa wa Marekani. Mwaka 1917, vitani Ufaransa, aliletewa askari wawili waliolala uwanjani siku 7. Majeraha yao yalijaa funza, lakini homa hawakuwa nayo, na chini ya funza nyama mpya ilikuwa inachipua. Mwaka 1928, huko Baltimore, akaanza kuwatibu kwa funza watoto wenye maambukizi ya mifupa. Antibayotiki zilipoenea miaka ya 1940, funza wakasahaulika. Usugu wa dawa ukawarudisha; mwaka 2004 Marekani ikawaruhusu rasmi.

Siri ni majimaji wanayotoa: huyeyusha nyama iliyokufa na kuua bakteria. Ila hao hufugwa maabara, wakiwa safi. Hata Kenya, watafiti wa KALRO wamewafuga. Wa mama mkubwa walitoka jalalani, nesi akawaondoa wote.

Mguu bado upo. Siku hizi bendeji naifungua mimi.