Majina ya Kale na Mitambo ya Kutafutia

Mwalimu awaagizapo wanafunzi wake watafute katika intaneti historia ya mji wa Lubumbashi, aghalabu hurejea na kurasa chache zinazofanana, wakadhani historia yenyewe ni haba. Twaona kwamba kasoro i katika jina walilolitumia. Mji huo uliasisiwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, ukaitwa Lubumbashi mwaka 1966. Yaliyoandikwa kabla ya hapo yamehifadhiwa kwa jina la kale. Kadhalika Bujumbura iliitwa Usumbura hadi Burundi ilipopata uhuru mwaka 1962.

Tukumbuke mitambo hii ilikotoka. Archie, uliobuniwa na Alan Emtage katika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, mwaka 1990, ulitafuta majina ya mafaili tu. AltaVista ya mwaka 1995 ikapekua maneno yaliyomo kurasani. Google ya mwaka 1998 ikaongeza kuupima kila ukurasa kwa kurasa nyingine zinazouelekea. Mitambo ya leo hujaribu hata kukisia maana. Walakini safari yake huanzia kwenye neno tulilolipa.

Tutazame maandishi ya André Yav ya mwaka 1965. Yanasimulia, kwa Kiswahili cha huko, historia ya mji huo kama walivyoiona watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Lakini anwani yake ya Kifaransa huanza kwa neno Vocabulaire, yaani msamiati, na mji hutajwa kwa jina la kikoloni. Atafutaye "historia ya Lubumbashi" hana neno hata moja linalolingana na anwani hiyo. Aweza kupita mlangoni pa hazina asibishe hodi.

Basi twawasihi walimu wenzetu wawafunze vijana kujiuliza kwanza: aliyeandika habari hii aliishi lini, na alikiitaje kitu hiki? Wajaribu jina jipya na la kale, tahajia zote mbili, na lugha ya watawala wa wakati ule. Maneno yanayopasa kufuatana wayafunge kwa alama za kunukuu. Lisilotakiwa waliwekee alama ya kutoa mbele yake. Yav aliwaandikia watu wake kwa Kiswahili. Itakuwa aibu wajukuu wao, wasomao Kiswahili hicho hicho, wakimkosa kwa kutojua jina la mji wa babu zao.