Bustani za Nairobi: Mali ya Nani?

Msafiri anayefika Nairobi, mji mkuu wa jirani zetu wa Kenya, huambiwa na wenyeji kwamba asiondoke kabla ya kupumzika Uhuru Park, kutembea katika msitu wa Karura, au kuketi chini ya miti ya bustani ya Jeevanjee. Kwa mgeni hapo ni mahali pa kupunga upepo tu. Lakini kwa mtu anayetaka kuielewa Kenya, bustani hizo ni kitabu cha historia kilichofunguliwa. Karibu kila moja imewahi kuulizwa swali moja zito: ardhi hii ni mali ya nani? Na mara kadhaa swali hilo lilipoulizwa, kati ya wananchi na ardhi yao alisimama mlinzi mwenye rungu. Kwa sababu hiyo habari hii inawahusu kwa karibu ninyi ndugu zetu mlioko makambini na katika vituo vya polisi.

Tuanzie mwanzo. Nairobi, jina litokanalo na maneno ya Kimasai yenye maana ya maji baridi, ilikuwa nyika na kinamasi hadi mwaka 1899, reli kutoka Mombasa ilipofika hapo. Mji ukaota kando ya reli, na wakoloni wakaugawa kwa rangi za watu: Wazungu juu, kwenye vilima vyenye miti na hewa safi, Wahindi katikati, na Waafrika upande wa mashariki, kwenye udongo mweusi unaogeuka tope wakati wa mvua. Hata miti ilipandwa kwa hesabu za mtawala. Bustani ya miti iitwayo Arboretum, iliyo karibu na Ikulu ya Nairobi, ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni ambayo ingekua upesi, kwani injini za garimoshi wakati huo zilikula kuni nyingi mno.

Katika mji huo uliogawanywa, alitokea mtu mmoja akatoa kitu kwa ajili ya watu wote. Mtu huyo ni Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara aliyetoka Karachi na kupata utajiri kwa kandarasi za ujenzi wa reli. Mwaka 1906 aliwapa wakazi wa Nairobi bustani aliyoitengeneza katikati ya mji. Ni kiwanja kidogo, lakini uzito wake u katika ile nia: kwamba katikati ya maduka na ofisi pawepo mahali ambapo mtu hahitaji kununua kitu ili apate haki ya kukaa.

Uhuru ulipokuja, Wakenya waliupokea katika uwanja wa wazi. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba, 1963, bendera ya Uingereza ilishushwa na ya Kenya kupandishwa mahali panapoitwa sasa Uhuru Gardens, kando ya barabara ya Langata. Miaka sita baadaye, mwezi Mei, 1969, Rais Jomo Kenyatta alifungua Uhuru Park katikati ya mji, yenye ziwa la kuchimbwa, mashua za kukodi na majani mapana. Mtu wa Eastlands, ambaye nyumba yake haina hata ua, akapata mahali pa kuwapeleka watoto siku ya Jumapili.

Mwaka 1989 ndipo ulipotokea mtihani. Chama kilichotawala wakati huo, KANU, pamoja na shirika lake la magazeti, kilikusudia kujenga ndani ya Uhuru Park jengo la ghorofa 60, lenye ofisi, maduka na ukumbi, na mbele yake sanamu ya Rais Daniel arap Moi. Profesa Wangari Maathai, kiongozi wa chama cha kupanda miti cha Green Belt, aliandika barua kwa wakubwa wa serikali na kwa mashirika ya nje akiuliza kwa nini bustani ya umma ikatwe. Alishambuliwa kwa maneno makali bungeni, na chama chake kikafukuzwa katika ofisi kilizokuwa kikitumia. Akaenda Mahakama Kuu. Mahakama ilimjibu kwamba hana haki ya kushtaki, kwa kuwa hakuonyesha hasara aliyoipata yeye mwenyewe, mbali na ile ya kila mwananchi.

Ndugu wasikilizaji, jibu hilo linafaa kutafakariwa. Kama mali ni ya watu wote, na hakuna mtu mmoja anayeruhusiwa kuitetea, basi kwa kweli haina mwenyewe. Hata hivyo, kelele zilikuwa zimekwisha fika mbali. Wafadhili wa nje walirudi nyuma, na mradi ukafa. Mwaka 1992 uzio uliokuwa umezungushwa pale ukaondolewa, na watu wakarudi kukaa kwenye majani yao.

Lakini mwaka huo huo wa 1992 majani hayo yaliona jambo la uchungu. Tarehe 28 Februari akina mama ambao watoto wao walikuwa wamefungwa kwa sababu za kisiasa walianza kufunga kula, wakiwa wamekaa kwenye kona moja ya Uhuru Park. Tarehe 3 Machi polisi waliingia kwa marungu na mabomu ya machozi. Profesa Maathai alipigwa hadi akazirai. Baadhi ya wale akina mama wazee walivua nguo zao mbele ya askari, jambo ambalo katika mila za Kiafrika ni laana nzito kuliko matusi yote. Waliofukuzwa hawakurudi nyumbani. Walihamia katika Kanisa Kuu la All Saints lililo jirani, wakaendelea kudai hadi wengi wa wafungwa hao walipoachiliwa mwaka 1993. Kona ile inaitwa hadi leo Kona ya Uhuru.

Jeevanjee nayo haikusalimika. Mwaka 1991 palizuka mpango wa kuifanya bustani ile mahali pa majengo ya biashara. Mjukuu wa Jeevanjee, Bibi Zarina Patel, aliongoza upinzani pamoja na wakazi wa mji, na mpango ukaachwa.

Kisha ikaja zamu ya Karura. Huu ni msitu wa hekta zaidi ya 1,000 kaskazini ya mji, wenye mito, maporomoko ya maji, na mapango ambayo husimuliwa kuwa yaliwaficha wapiganaji wa Mau Mau. Ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Kufikia mwaka 1998 ilijulikana kwamba sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu binafsi wajenge majumba. Tarehe 8 Januari, 1999, Profesa Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti, wakashambuliwa na walinzi wa kukodiwa. Alikwenda kituo cha polisi kuandikisha mashtaka huku damu ikimtoka kichwani. Wanafunzi wa Chuo Kikuu wakaandamana, na dunia ikapaza sauti. Agosti mwaka ule ule Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka 2004 ripoti ya tume ya uchunguzi iliyoongozwa na mwanasheria Paul Ndung'u ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria nchini mwote. Mwaka huo huo Profesa Maathai akatunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani.

Tukiangalia mwisho wa masimulizi haya tunaona jambo la kufundisha. Tarehe 27 Agosti, 2010, Rais Mwai Kibaki alitia saini Katiba mpya ya Kenya, na mahali palipochaguliwa ni Uhuru Park. Ibara ya 42 ya Katiba hiyo inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Ibara ya 70 inasema kwamba anayekwenda mahakamani kuitetea haki hiyo halazimiki kuonyesha kuwa yeye au mtu mwingine amepata hasara. Basi mlango uliofungwa mwaka 1989 mbele ya mwanamke mmoja ulifunguliwa kwa wote miaka 21 baadaye, juu ya majani yale yale aliyoyatetea. Karura nayo ilizungushiwa uzio, na tangu mwaka 2011 watu wanaingia kutembea na kuendesha baiskeli bila hofu, katika msitu ambao zamani wengi waliogopa hata kuukaribia. Pale askari wa misitu hufanya kazi pamoja na wananchi wa mitaa ya jirani, kwa mujibu wa sheria.

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa wewe tia maji. Miji inakua kila mahali, na kiwanja kitupu katikati ya mji kina thamani inayomtia mtu tamaa. Siku tamaa hiyo inapogeuka kuwa amri, anayepelekwa kuitekeleza si mwenye tamaa, ni askari. Yeye ndiye atakayesimama juani mbele ya mama mwenye umri wa mama yake mwenyewe. Kwa hiyo haitoshi askari kujua njia ya kulinda uzio. Anapaswa kujua pia uzio ule unalinda mali ya nani, na kwa sheria ipi. Askari aliye na elimu hiyo hulinda amani pamoja na haki. Asiyekuwa nayo anaweza kutumiwa kuiba mali ambayo yeye na watoto wake ni wenyewe.

Nairobi imepoteza viwanja vingi ambavyo havikupata mtetezi. Vilivyobaki vimebaki kwa sababu kuna watu waliokubali kupigwa kwa ajili yake. Mgeni atakayeketi chini ya mti pale Uhuru Park na akumbuke kwamba kivuli kile kilipiganiwa. Na askari atakayepita hapo akiwa likizo, bila sare, na ajue kwamba kivuli hicho ni chake pia.