Albrecht Dürer na Siri ya Vipimo vya Mwili

Kila mwalimu aliyepata kufundisha kuchora anaijua picha moja ambayo watoto wote huichora. Ni picha ya mtu. Kichwa ni kikubwa kama boga, mikono imetokea shingoni, na miguu ni vijiti viwili. Mtoto mwenyewe huona ya kuwa picha yake ina kasoro, ila hajui kasoro iko wapi. Akimwuliza mwalimu, mara nyingi huambiwa, “Tazama vizuri, kisha uchore tena.” Jibu hilo si baya, lakini halitoshi. Mtu aweza kutazama mwaka mzima asitambue kwamba mkono ulioning’inia, ncha za vidole vyake hufika katikati ya paja, mpaka apate mtu wa kumwonyesha. Na wako waliojua mambo hayo zamani wakakataa kuyaonyesha.

Habari ninayotaka kuwasimulia ni ya Albrecht Dürer, Mjerumani, aliyezaliwa katika mji wa Nürnberg mwaka 1471. Baba yake alikuwa sonara, naye alitaka mwanawe ashike kazi hiyo hiyo. Lakini moyo wa kijana ulikuwa katika kuchora, na alipokuwa na umri wa miaka 15 baba yake akakubali, akamweka kwa fundi Michael Wolgemut awe mwanagenzi. Siku zile uchoraji ulifundishwa hivyo. Mwanagenzi alisaga rangi, akatayarisha mbao, akaiga michoro ya bwana wake. Kama bwana wake alichora mikono mifupi, naye alichora mikono mifupi. Kitabu cha kumweleza vipimo vya mwili kwa Kijerumani hakikuwapo.

Dürer alipokuwa bado kijana alikutana na mchoraji mmoja wa Venice, jina lake Jacopo de’ Barbari. Jacopo akamwonyesha picha za mwanamume na mwanamke alizozichora kwa vipimo. Kijana alistaajabu. Hakupata kufikiri kwamba uzuri wa mwili waweza kupimwa kama fundi seremala apimavyo mlango. Akamwomba Jacopo amweleze kanuni yake. Jacopo hakutaka kumweleza waziwazi. Miaka mingi baadaye Dürer aliandika habari hii mwenyewe, akasema ya kuwa wakati ule angependa zaidi kuijua kanuni ile kuliko kupewa ufalme mpya.

Basi akaanza kutafuta peke yake. Alisoma maneno ya Vitruvius, mjenzi wa Kirumi wa zamani sana, aliyesema kwamba kichwa cha mtu ni sehemu ya nane ya urefu wake wote. Mwaka 1506, akiwa Venice, alimwandikia rafiki yake kwamba atapanda farasi aende Bologna, kwa kuwa huko yuko mtu aliye tayari kumfundisha siri ya kuchora vitu jinsi vinavyoonekana kwa mbali na kwa karibu. Mwaka uliofuata akanunua kitabu cha jiometri cha Euclid kwa dukati moja ya dhahabu. Zaidi ya hayo alipima watu. Alipima wanene na wembamba, wanaume na wanawake, na watoto pia. Aliona ya kuwa mtu mmoja peke yake hawezi kuwa kielelezo cha wote, na kwamba hata ukitazama watu 200 au 300, ni shida kupata kwao jambo moja au mawili ya kutwaa.

Mwaka 1521, alipokuwa na umri wa miaka 50 na jina lake limeenea Ulaya nzima, alifika Mechelen mbele ya Bibi Margaret, aliyekuwa akitawala nchi za Uholanzi na Ubelgiji kwa niaba ya Kaisari. Margaret alikuwa na kijitabu kilichotoka kwa Jacopo, ambaye sasa alikuwa amekwisha kufa. Dürer akakiomba. Akajibiwa kwamba kimekwisha ahidiwa mchoraji wa nyumba ile. Safari hiyo ilikuwa na mkosi kweli, maana alikuwa amemletea Bibi huyo picha ya baba yake, Kaisari Maximilian, naye hakuipenda hata kidogo. Dürer akaichukua tena, akaibadilisha kwa kitambaa cheupe cha Kiingereza.

Mtu mwingine, baada ya kunyimwa mara mbili, naye angeyafungia yake sandukuni. Dürer aliyaandika yote. Alifariki tarehe 6 Aprili 1528, na kabla mwaka ule haujaisha mkewe Agnes alikitoa kitabu chake, vitabu vinne katika jalada moja, juu ya vipimo vya mwili wa mwanadamu. Kiliandikwa kwa Kijerumani, ili vijana wa karakana waweze kukisoma, nao hawakujua Kilatini cha wataalamu. Wataalamu ndio waliongoja tafsiri yao, iliyotoka mwaka 1532 na mwaka 1534.

Katika kitabu cha kwanza Dürer anachora miili ya namna mbalimbali, kuanzia mtu mnene wa shamba, ambaye kichwa chake huingia mara saba katika urefu wake, mpaka watu wembamba ambao kichwa chao ni kidogo zaidi kwa kulinganisha na mwili. Msomaji aweza kujaribu jambo hili nyumbani. Twaa ujiti, ukate sawa na urefu wa kichwa cha mwenzako, tangu utosi hata kidevu, kisha uone huingia mara ngapi mpaka nyayo. Mtu mzima atapata mara saba au saba na nusu. Mtoto mchanga atapata mara nne tu. Mchoraji asiyejua haya humchora mtoto kama mzee aliyepunguzwa kimo, na kila atazamaye hucheka bila kujua sababu.

Katika kitabu cha pili anagawa urefu wa mtu sehemu 600, na hata hizo anazigawa tena. Hapo nakiri uvumilivu wangu hupungua, na nadhani wanagenzi wengi nao walifunua kurasa hizo upesi.

Kitabu cha tatu ndicho chenye ajabu. Dürer anachora uso uliotazama upande mmoja, akaupitishia mistari ya kulala na mistari ya kusimama, kama wavu: mstari wa paji, wa macho, wa pua, wa mdomo, wa kidevu. Kisha anaisogeza mistari hiyo. Akiinua mstari wa pua, uso hubadilika. Akiulaza mstari wa paji nyuma na kusogeza kidevu mbele, hutokea mtu mwingine kabisa, mwenye sura ya kuchekesha. Hakuna kilichobuniwa kwa bahati, kila uso umetoka katika ule wa kwanza kwa kusogeza mistari. Mchora katuni anayechora leo mkubwa wa serikali mwenye pua ndefu na kichwa kidogo afanya jambo lilo hilo. Hawezi kuuvunja uso vizuri mpaka ajue kwanza umejengwaje. Na katika kitabu cha nne mwili umetiwa ndani ya makasha yenye pembe, kasha la kifua, kasha la nyonga, kasha la kichwa, ili mchoraji aweze kuugeuza na kuuinamisha.

Lakini Dürer alipima mwili kwa nje. Ndani ya ngozi mna nini kinachosukuma na kuvuta? Leonardo da Vinci, aliyefariki mwaka 1519, alikuwa amejua mengi ya hayo, kwa kuwa alipasua maiti zaidi ya 30 na kuzichora kwa ustadi ambao hata madaktari wa leo huusifu. Bahati mbaya karatasi zake zilikaa mikononi mwa watu binafsi, na kwa jumla hazikutolewa vitabuni mpaka mwisho wa karne ya 19. Aliyewafikishia wachoraji mifupa na misuli ni Andreas Vesalius wa Brussels, mwalimu wa Padua. Mwaka 1543, akiwa na miaka 28, alitoa kule Basel kitabu kikubwa chenye picha zaidi ya 200. Humo watu waliochunwa ngozi wamesimama wima penye vilima na majengo, na kila ukurasa misuli mingine imeondolewa, mpaka mifupa ibaki peke yake. Kitabu hicho kilikuwa cha bei kubwa, kwa hiyo mwaka ule ule akatoa na kifupi kwa ajili ya wanafunzi.

Katika nchi ya Japani jambo hili lilishika njia nyingine. Hokusai alitoa mwaka 1812 mafunzo ya kuchora upesi kwa kutumia duara na mraba, na mwaka 1814 ikatoka sehemu ya kwanza ya vitabu vyake vya vielelezo viitwavyo Manga. Vilipata kuwa 15, na cha mwisho kilitoka mwaka 1878, miaka 29 baada ya kifo chake. Humo mna wapiga mieleka, wachukuzi, wanene wakioga, vipofu wakivuka mto. Mwanafunzi aliiga ukurasa baada ya ukurasa.

Na mwalimu mwenzetu asisahauliwe. Rodolphe Töpffer wa Geneva alitaka kuwa mchoraji kama baba yake, lakini ugonjwa wa macho ukamzuia, akafungua shule ya bweni. Huko akachora hadithi za kuchekesha kwa picha zilizofuatana, wanafunzi wake wakizipokea kwa furaha. Mwaka 1845 alieleza kanuni yake katika kitabu kidogo. Chora uso wowote, alisema kwa jumla, hata kama ni vibaya kiasi gani. Uso huo utakuwa na hali fulani, ya hasira au ya upumbavu au ya huzuni. Sasa jiulize ni mstari gani uliofanya hivyo, uubadilishe, utazame tena. Hakuhitaji maiti wala dukati ya dhahabu.

Vitabu vya bei nafuu vya karne ya 20 vimechanganya njia hizi zote. Andrew Loomis wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1939, anaanza na mpira wa duara, akaugeuza kuwa vichwa vya katuni vya kila namna. Na katika kile cha mwaka 1943 anachora mtu mwenye urefu wa vichwa vinane, kama alivyosema Vitruvius. Vitabu vya Dürer na vya Vesalius navyo vimewekwa na maktaba kubwa katika intaneti, na mwanafunzi yeyote aweza kuvifunua bila malipo. Kile kijitabu cha Jacopo hakijaonekana hata leo.