Sanduku la babu na mdudu wa India

Wasomi wenzangu, leo sina siasa. Nina sanduku moja la mbao ya muvula, fupi kuliko mkono wangu kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole. Mwaka uliopita nilibakiza kidogo tu niliharibu, mimi mwenye diploma ya historia.

Sanduku ni la marehemu babu. Ndani kuna karatasi yake ya ubatizo, risiti za kodi za wakati wa Wabelgiji na picha tatu ambazo sura hazionekani vizuri tena. Mwaka 1996, vita vilipofika kwetu na watu wa Fizi wakaanza kuvuka ziwa kwenda Kigoma, bibi aliacha sufuria akabeba hilo sanduku. Likapata mawimbi na mvua njiani, likaishi miaka mingi kambini Nyarugusu. Liliporudi Baraka, kifuniko kilikuwa na mabaka meupe, utafikiri kimepakwa majivu. Familia ikanipa kazi ya kulitengeneza kabla ya siku ya kumkumbuka mzee. Nikaenda sokoni, nikanunua msasa na kopo la verni. Nilidhani kazi ni ya nusu siku.

Nilikuwa nimesugua kona moja tu, fundi mbao wetu wa karibu, mtu wa umri wa babu mwenyewe, akapita njiani.

"We kijana, simama kwanza! Unakwangua nini hapo?"

"Ninatoa uchafu, mzee."

"Apana uchafu hiyo. Ni unyevu umeingia mu verni. Leta alkoli kidogo."

Akachovya kitambaa, akagusa sehemu ya nyuma ambayo watu hawaioni, akangoja kidogo. Kidole chake kikaanza kunata. "Unaona? Hii ni ya zamani. Verni ya siku hizi ikishakauka, alkoli haiiyeyushi hivi. Hii inayeyuka, ndiyo maana inatengenezeka." Akaita jina lake kwa Kifaransa, gomme-laque. Alifunzwa kuipaka akiwa kijana, na fundi aliyepita shule ya misheni. Waingereza wanaiita shelaki, na nitatumia hilo juu ni fupi.

Usiku ule sikulala vizuri. Aibu ilikuwepo, sikatai, lakini zaidi nilijiuliza: kitu hiki kinatoka wapi? Nilikuwa nimekiweka kwenye fungu la vitu vya wazungu, pamoja na cherehani na kofia ngumu. Kumbe hapana. Shelaki inatoka kwa mdudu mdogo sana wa India na nchi za jirani kama Thailand. Kwa sayansi anaitwa Kerria lacca. Jike anajibandika kwenye tawi, anafyonza utomvu wa mti, anatoa kitu kama gundi kinachomfunika yeye na mayai yake. Watu wanavuna matawi, wanakwangua, wanaponda, wanaosha, halafu kwa njia ya zamani wanaweka ndani ya mfuko mrefu wa kitambaa mbele ya moto na kuukamua. Kinachotoka kinavutwa kikiwa moto mpaka kiwe chembamba kama karatasi. Kikipoa kinavunjwa vipande vyepesi, rangi ya asali. Ndivyo vinavyoloweshwa katika alkoli. Wazungu walichofanya ni kununua, na mwanzoni mwa karne ya 19 mafundi wa Ufaransa na Uingereza wakaeneza ufundi wa kuipaka kwa kidonge cha kitambaa, tabaka jembamba juu ya jembamba, mpaka mbao ing'ae kama maji.

Na Kiswahili kilishamjua huyo mdudu. Fungua kamusi utafute lakiri: ile nta ngumu nyekundu ya kufungia barua na kupiga muhuri. Ile ya kweli ilitengenezwa kwa gundi hiyohiyo, na jina lake limetoka hukohuko India. Hata laki, 100,000 tunayohesabia fransi zetu, ilivuka bahari kutoka kule. Wengine wanasema ni ndugu ya jina la mdudu kwa sababu wanajaa kwa maelfu kwenye tawi moja. Wataalamu wa lugha hawakubaliani wote juu ya hilo. Mimi ninapenda liwe kweli.

Sasa geukeni mtazame ziwa kutoka Baraka. Ile ghuba mbele yenu, kati ya mji na Ubwari, ramani zinaiita ghuba ya Burton. Richard Burton alipita maji haya Aprili 1858 pamoja na Speke wakielekea Uvira, na akadhani Ubwari ni kisiwa. Shuleni tunaishia hapo. Lakini katika kitabu chake cha 1860 aliandika pia habari ndefu juu ya sandarusi, gundi ya mti iliyochimbwa ardhini huko pwani, nyuma ya Bagamoyo na Kilwa, ikapelekwa Zanzibar, na kutoka pale mpaka Salem ya Marekani kutengenezewa verni. Ile mbichi, ambayo haijakaa ardhini miaka mingi, Waswahili waliiita chakazi. Wafanyabiashara wa Kiingereza wakashindwa kutamka, wakaifanya "jackass", yaani punda! Na Kongo nayo ilikuwa na kopali yake. Wakati wa Wabelgiji, watu wa Équateur waliingia kwenye matope ya msitu kuitafuta ili wapate pesa ya kodi, na mzigo ukaenda Antwerp. Kwa hiyo gundi yetu iling'arisha magari ya farasi ya watu wengine, na ya India ikaja kung'arisha sanduku la karani wa Fizi.

Shelaki ilikuja pia kwa mlango ambao hatuufikirii: muziki. Santuri za zamani, zile nzito zinazovunjika kama sahani, zilitengenezwa kwa shelaki iliyochanganywa na unga wa mawe. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, sauti yake ilichorwa ndani ya gundi ya mdudu huyo. Vilevile Wendo na "Marie-Louise" yake, kampuni ya Ngoma, Léopoldville, 1948.

Mwaka huohuo wa 1948, serikali ya Wabelgiji ilipiga marufuku Bwami, chama cha wakubwa cha Balega ambacho Babembe nao wanacho. Ninautaja juu wazee wa Bwami walikuwa na mng'ao wao. Sanamu ndogo za mbao na za pembe zilipakwa mafuta na kusuguliwa, tena na tena, mkono kwa mkono, mpaka zikapata ngozi laini ambayo leo inawashangaza watu mu mize za Ulaya. Mng'ao ule haukuuzwa dukani. Uliongezeka kila kitu kiliposhikwa.

Turudi kwa sanduku. Rafiki anayesoma Nairobi alinitumia gramu 100 za shelaki. Tuliloweka katika nusu lita ya alkoli kali, siyo kanyanga, maana kanyanga ina maji na maji ndiyo adui mwenyewe. Tukangoja wiki mbili hewa ikauke. Ukipaka siku ya mvua, unyevu unaingia na weupe unarudi. Mzee akafunga pamba ndani ya kitambaa cha shati, akaweka tone la mafuta mbele ili isikwame, akaanza kupitisha kwa mizunguko bila kusimama. "Ukisimama, inang'ang'ania." Tabaka jipya lilikuwa linayeyusha la zamani na kuungana nalo. Mabaka yakapungua mbele ya macho yangu, moja baada ya jingine. Zamu yangu ilipofika nilisimama mara mbili, na alama zipo mpaka leo.

Siku ya kumbukumbu bibi alilipokea, akapitisha kiganja juu ya kifuniko, akafika kwenye kona niliyoisugua kwa msasa. Pale mbao imepauka, haikukubali kufanana na sehemu nyingine.

"Hapa palipigwa na nini?" akauliza. "Kwenye mtumbwi hapakuwa hivi."

Nikamwambia ukweli. Akacheka, akaweka kikombe cha chai ya moto juu ya sanduku, na mzee fundi akaruka kukitoa.