Ekusher Gan: Mbolezi inayowatoa Wabengali machozi kila Februari

KILA Februari 21 inapofika, kabla ya jua kuchomoza, makundi ya watu hujitokeza katika barabara za jiji la Dhaka, Bangladesh, wakitembea miguu mitupu na kubeba maua. Wengi huwa wamevalia mavazi meusi na meupe. Huelekea katika mnara uitwao Shaheed Minar, uliojengwa kuwakumbuka watu waliouawa katika harakati za kuitetea lugha yao, na njiani huimba wimbo mmoja.

Wimbo huo hujulikana kwa Kibengali kama Ekusher Gan, yaani Wimbo wa Ishirini na Moja, jina litokanalo na tarehe hiyo.

Ajabu ni kwamba utungo huu, unaohesabiwa miongoni mwa nyimbo kuu za kizalendo za Wabengali, hauna mdundo wa kijeshi, na sehemu yake inayoimbwa haisifu ushindi wowote. Ni mbolezi, wimbo wa msiba. Hata hivyo, wasikilizaji wa idhaa ya Kibengali ya BBC walipoombwa mnamo 2006 kuchagua nyimbo bora zaidi za lugha yao, waliupa nafasi ya tatu.

Nguvu zake zinatokana na jambo moja: humfanya kila auimbaye kuwa mfiwa.

CHANZO CHA MGOGORO

Ukoloni wa Uingereza ulipokoma katika Bara Hindi mnamo 1947, Pakistan ilizaliwa ikiwa na sehemu mbili zilizotenganishwa na zaidi ya kilomita 1,600 za ardhi ya India. Sehemu ya mashariki, ambayo leo ni Bangladesh, ilikaliwa na Wabengali. Hao peke yao walikuwa zaidi ya nusu ya raia wote wa taifa hilo jipya.

Mamlaka, hata hivyo, yalikuwa magharibi. Serikali ilikusudia kukifanya Kiurdu, lugha ya mama ya raia wachache mno, kuwa lugha pekee ya taifa. Stempu, sarafu na fomu za serikali zilianza kutolewa kwa Kiurdu na Kiingereza, huku Kibengali kikiachwa nje.

Hili halikuwa suala la fahari tu. Kijana aliyesoma kwa Kibengali angeingiaje katika utumishi wa umma ikiwa mitihani ya kazi iliandikwa kwa lugha asiyoijua? Mkulima angejuaje hati anayotia kidole inasema nini?

Mnamo Februari 1948, mbunge Dhirendranath Datta aliliomba Bunge la Katiba la Pakistan liruhusu Kibengali kitumike katika vikao vyake. Ombi lake lilikataliwa. Mwezi uliofuata, mwasisi wa taifa hilo, Muhammad Ali Jinnah, alizuru Dhaka na kuuambia umati kwamba lugha ya taifa ingekuwa Kiurdu, wala si nyingine. Tangazo hilo la kukikweza Kiurdu alilitoa kwa Kiingereza.

Waziri Mkuu Khawaja Nazimuddin alipourudia msimamo huo mjini Dhaka mnamo Januari 27, 1952, wanafunzi waliitisha maandamano. Serikali ilijibu kwa kupiga marufuku mikutano yote ya hadhara.

Asubuhi ya Februari 21, wanafunzi walikusanyika katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Dhaka, chini ya mwembe uliokuwa mashuhuri kwa mikutano yao, wakaamua kuikaidi amri hiyo. Polisi walitumia virungu na vitoza machozi. Alasiri, karibu na mabweni ya Chuo cha Matibabu cha Dhaka, walifyatua risasi.

Miongoni mwa waliouawa siku hiyo walikuwa Rafiq Uddin Ahmed, Abul Barkat na Abdul Jabbar. Shafiur Rahman, mfanyakazi wa Mahakama Kuu, aliuawa siku iliyofuata, naye Abdus Salam, mtumishi wa ofisi ya serikali, alifariki mwezi Aprili kutokana na majeraha ya risasi. Hivyo basi, risasi hizo hazikuwaangamiza wanafunzi peke yao.

MTUNZI WA MIAKA 17

Abdul Gaffar Choudhury, mzaliwa wa Barisal, alikuwa na umri wa miaka 17 wakati huo, akisoma katika Chuo cha Dhaka. Habari za mauaji zilipomfikia, alikwenda hospitalini kuwajulia hali majeruhi.

Huko aliuona mwili wa Rafiq, ambaye kichwa chake kilikuwa kimepasuliwa na risasi. Baadaye Choudhury alieleza kwamba alipoutazama mwili huo alihisi kana kwamba ni wa ndugu yake wa damu, na papo hapo maneno ya kwanza ya shairi yakamjia.

Shairi hilo lilisambazwa kwanza kwa karatasi. Mnamo 1953 lilichapishwa katika diwani iliyohaririwa na mshairi Hasan Hafizur Rahman kuhusu tukio la Februari 21, na serikali ikaipiga kitabu hicho marufuku. Wanafunzi wa Chuo cha Dhaka waliouimba wimbo huo walipojaribu kusimamisha mnara wa kumbukumbu chuoni mwao walifukuzwa masomoni.

Aliyekuwa wa kwanza kulitia shairi mahadhi ni mwanamuziki Abdul Latif. Baadaye Altaf Mahmud, kijana mwingine wa Barisal, alibuni mahadhi mapya, na hayo ndiyo yaliyodumu hadi leo.

Mahadhi ya Altaf Mahmud ni ya taratibu, yanayolingana na mwendo wa watu wanaosindikiza jeneza. Hayahitaji ala wala sauti ya mwimbaji stadi. Mtoto, mzee na asiyejua kusoma huweza kuyaimba pamoja huku wakitembea.

KWA NINI MACHOZI?

Yapo mambo matatu yanayoeleza mguso wa wimbo huu.

Kwanza ni neno “ndugu”. Mtunzi hakumwita marehemu shujaa, mwanaharakati wala mzalendo. Alimwita ndugu yake, ilhali hawakuzaliwa tumbo moja. Msomaji wa Kiswahili hatashindwa kulielewa hilo, kwani katika lugha yetu pia “ndugu” huvuka mipaka ya ukoo. Shujaa husifiwa kwa mbali, bali ndugu huliliwa. Aimbaye wimbo huu huingia msibani hata kama alizaliwa miaka 50 baada ya mauaji yale.

Pili, ubeti wa kwanza umejengwa juu ya swali kuhusu kusahau. Muumini wa chama fulani anaweza kulipinga tamko la chama kingine, lakini ni vigumu kumpinga mtu anayeuliza iwapo inawezekana kumsahau aliyefariki. Swali hilo hujibiwa kila mwaka kwa miguu, kwa maua na kwa sauti.

Tatu, na huenda hili ndilo kubwa zaidi, ni namna umma wenyewe ulivyouchuja utungo. Shairi la Choudhury ni refu, na beti zake za baadaye zimejaa hasira. Zinawalaani wauaji na kuwahimiza watu waamke. Hata hivyo, katika maandamano ya alfajiri huimbwa ubeti wa mwanzo. Wabengali waliihifadhi hasira kitabuni, wakaubeba uchungu barabarani.

Uchaguzi huo umeupa wimbo maisha marefu. Wimbo wa hasira hupoa adui anapoondoka. Wa huzuni hubaki na kazi maadamu yupo wa kukumbukwa.

GHARAMA YA WIMBO

Kwa waliouhusu, wimbo huu haukuwa burudani ya bure.

Mnamo 1970, mtayarishaji filamu Zahir Raihan, ambaye naye alishiriki maandamano ya 1952, aliutia katika filamu yake Jibon Theke Neya. Filamu hiyo ilisimulia habari za familia inayotawaliwa kwa mkono wa chuma na dada mkubwa anayeshikilia funguo zote za nyumba, na watazamaji walitambua upesi kwamba aliyekuwa akisemwa ni utawala wa kijeshi wa Pakistan. Ndani yake mlionyeshwa msafara wa alfajiri wenye miguu mitupu.

Mwaka uliofuata vita vya ukombozi vililipuka. Jeshi la Pakistan liliubomoa mnara wa Shaheed Minar. Dhirendranath Datta, mbunge yule wa 1948, alikamatwa na kuuawa akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80.

Altaf Mahmud alikuwa akiwasaidia wapiganaji wa msituni na kuwafichia silaha nyumbani kwake Dhaka. Mnamo Agosti 30, 1971, wanajeshi walizingira nyumba hiyo na kumchukua. Hakuonekana tena, na mwili wake haukupatikana.

Zahir Raihan aliishi hadi kuona ushindi wa Desemba 16, 1971. Lakini siku mbili kabla yake, kaka yake, mwandishi Shahidullah Kaiser, alikuwa ametekwa nyara. Mnamo Januari 30, 1972, Raihan alitoka kumtafuta katika mtaa wa Mirpur, naye akatoweka.

Hivyo basi, aliyeutia wimbo mahadhi na aliyeupeleka kwenye filamu wote hawana kaburi linalojulikana. Tangu hapo, Wabengali wanapouimba huwa wanawalilia pia waliowafundisha kulia.

MAMA WA MNARA

Mnara wenyewe una historia ya kubomolewa na kujengwa upya. Wa kwanza uliinuliwa na wanafunzi usiku mmoja, siku mbili baada ya mauaji ya 1952, na polisi wakauvunja kabla ya mwezi huo kwisha.

Katiba ya Pakistan ya 1956 hatimaye ilikitambua Kibengali kuwa mojawapo ya lugha za taifa. Mnara wa kudumu, uliosanifiwa na Hamidur Rahman kwa ushirikiano na mchongaji Novera Ahmed, ulizinduliwa mnamo Februari 21, 1963. Aliyepewa heshima ya kuuzindua hakuwa rais wala waziri, bali Hasina Begum, mama mzazi wa Abul Barkat.

Nguzo zake humwashiria mama akiwa na wanawe, nguzo ya kati ikiwa imeinamisha kichwa. Maana yake inaafikiana na ya wimbo: lugha ni mama, na waliokufa ni watoto wa nyumba moja. Baada ya kubomolewa 1971, mnara ulijengwa upya taifa lilipokuwa huru.

SIKU YA DUNIA NZIMA

Msiba wa Dhaka ulivuka mipaka mwishoni mwa karne iliyopita. Mnamo 1998, Rafiqul Islam na Abdus Salam, Wabengali wawili waliokuwa wakiishi Vancouver, Canada, walianzisha kampeni ya kutaka kuwe na siku ya kimataifa ya lugha za mama. Kwa sadfa, walikuwa na majina sawa na ya wawili kati ya mashahidi wa 1952.

Serikali ya Bangladesh ililichukua pendekezo hilo, na mnamo Novemba 17, 1999, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliitangaza Februari 21 kuwa Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Mama. Imekuwa ikiadhimishwa tangu mwaka 2000.

UNESCO ndiyo iliyoitangaza pia Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mnamo Novemba 2021. Tarehe hiyo inakumbusha uamuzi wa chama cha TANU, chini ya Julius Nyerere, wa kukifanya Kiswahili chombo cha kupigania uhuru mnamo 1954. Lugha hizi mbili zilifika katika kalenda ya dunia kwa njia tofauti: moja ilipitia mkutano wa chama, nyingine mlango wa chumba cha maiti.

DENI LILILOSALIA

Kuipenda lugha yako, hata hivyo, ni jambo moja. Kuiheshimu ya jirani ni jingine. Bangladesh yenyewe ilipokuwa ikiandika katiba yake mnamo 1972, Manabendra Narayan Larma, mbunge wa jamii ya Wachakma kutoka milima ya Chittagong, alikipinga kifungu kilichowaita raia wote Wabengali. Alisema watu wake ni raia wa Bangladesh, bali si Wabengali. Hakusikizwa.

Ilichukua hadi 2017 kwa serikali kuanza kusambaza vitabu vya watoto wa chekechea katika lugha tano za jamii ndogo, zikiwemo Kichakma, Kimarma na Kigaro. Hiyo ni hatua inayoafikiana na roho ya Ekusher Gan, kwani ndugu anayeliliwa katika wimbo alikufa akidai kile kile ambacho mtoto wa Kichakma anakidai.

Abdul Gaffar Choudhury alihamia London mnamo 1974, akaendelea kuandika magazetini kwa miongo kadhaa. Aliandika vitabu na makala nyingi, lakini jina lake halikupata kutengana na shairi la ujana wake.

Alifariki jijini London mnamo Mei 19, 2022, akiwa na umri wa miaka 87. Mwili wake ulirejeshwa Dhaka na kupelekwa Shaheed Minar ili wananchi wautolee heshima zao za mwisho, katika mnara ule ule ambako maneno yake huimbwa kila Februari.